Likizo ya uzazi inaisha, mtoto nimwache na nani? Bibi, dada, dei kea au jirani: niliyoyapitia

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Mwezi huu peke yake akina mama wanne wameniuliza swali moja: likizo inaisha, mtoto nimwache na nani? Wa mwisho alinipigia jana akilia, amebakiza siku tisa. Tumeongea karibu saa nzima, na nilipokata simu nikaona bora niyaandike yote hapa, mwingine akiyahitaji ayakute.

Sisi tunakaa Kimara, Dar es Salaam. Mimi kazi yangu iko Posta, katikati ya jiji, mume wangu anafanya kazi kwa zamu bandarini. Mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, ana mwaka mmoja na miezi minne. Katika muda huo amelelewa na bibi yake mzaa mama, akalelewa na dada wa kulala (dada wa kazi anayelala kwetu), akaenda dei kea, na sasa yuko na dada wa kutwa. Kuna mahali nimekosea na bado panauma, nitapasema.

Kwanza hesabu ya siku, maana wengi tunakwama hapo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Unaruhusiwa kuanza wiki nne kabla ya tarehe ya makadirio. Mimi miguu ilikuwa imevimba, nikaanza mapema, kwa hiyo nilipojifungua nilikuwa nimebakiwa na siku 56. Nikaunganisha na likizo ya mwaka, siku 28, ndipo nikapata wiki 12 na mwanangu. Ambaye bado hajajifungua anisikie: likizo ya mwaka usiile mapema. Baba sheria inampa siku 3, mume wangu zote ziliishia hospitali.

La pili. Mama anayenyonyesha ana haki ya kupewa hadi masaa mawili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, akanyonyeshe. Liko kwenye kifungu cha 33 cha sheria hiyohiyo. Posta hadi Kimara na kurudi kwa masaa mawili mimi siwezi, mwendokasi ukisumbua hata kwenda tu ni shughuli. Nikaomba masaa hayo niyaunganishe mwisho wa siku, nitoke saa 8 mchana badala ya saa 10. Bosi alikataa kwa mdomo. Nikaandika barua, nikataja kifungu, akasaini. Hakuna kitu kilichonisaidia kuliko barua ile, kwa sababu masaa mawili ya jioni ndiyo yanayomchosha mtoto na mlezi wake, na mimi ndiyo niliyapata.

Bibi. Mama alikuja kutoka Lushoto wiki niliyojifungua, akakaa miezi sita. Kwa moyo na mikono hakuna atakayemfikia. Nilikuwa nakamua maziwa usiku na alfajiri, yeye anamnywesha kwa kikombe, na mpaka mtoto anafikisha miezi sita hakuonja hata maji. Lakini kwetu ni mtelemkoni, kutoka barabarani hadi mlangoni kuna ngazi nyingi. Jioni moja nimerudi nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, kanga ameipandisha, anajikanda magoti kwa mafuta ya karafuu huku mtoto amelala pembeni yake. Hakuwa amesema lolote miezi yote ile. Ndipo nikaanza kuuliza. Kumbe ng'ombe wake wawili wanakamuliwa na jirani ambaye malipo yake ni nusu ya maziwa, maharage yamevunwa na watu, na kwenye kikoba, kikundi chao cha akiba, nafasi yake ya kushika ufunguo wa sanduku wamempa mwingine. Mimi nilikuwa nasema kwa watu kwamba mtoto wangu analelewa bure. Alikuwa analipa mama yangu.

Tulimrudisha kwa heshima, na tangu hapo kila mwezi namtumia kitu kidogo. Ningepaswa kuanza siku ile aliyofika.

Dada wa kulala. Tulimpata kupitia ndugu, binti wa miaka 18. Tukakubaliana shilingi 70,000. Amri ya kima cha chini ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ilisema 60,000 kwa anayelala kwa mwajiri na 120,000 kwa asiyelala, basi nikajiona mtu mwema. (Januari 2026 ilianza amri mpya ya mishahara, kila mwenye dada akaangalie.)

Siku moja saa 8 na dakika 20 mchana jirani akanipigia: mtoto ameanguka kitandani. Sikumbuki nilivyofika. Dada alikuwa amelala palepale, kikombe cha uji bado kiko mkononi, umemwagika kwenye shuka. Mtoto alikuwa na nundu kwenye paji la uso, daktari akamwangalia, akasema hakuna kilichovunjika. Nilimfokea yule binti maneno ambayo siyaandiki hapa.

Usiku mume wangu akachukua karatasi, akaandika siku ya yule binti. Anaamka saa 11 alfajiri kuchemsha maji na kupika chai. Anafua, anadeki, anapika mchana, anamlisha mtoto, anamwogesha, anapika usiku, anaosha vyombo, analala saa 5. Mtoto akilia usiku anaamka naye. Masaa 18. Sheria ileile niliyomwekea bosi wangu mezani inasema masaa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Mume wangu aliniambia: bandarini mtu aliyelala hivi haruhusiwi kupanda kreni, na sisi tumempa mtoto.

Tangu usiku ule naona njia zote kwa jicho moja. Nilikuwa nauliza nani anaaminika, nani ametoka familia gani, nani anasali wapi. Sikuwa nimeuliza: saa 8 mchana, anayemshika mwanangu atakuwa katika hali gani? Binti alikuwa mwaminifu kabisa. Alikuwa amechoka.

Tulimpunguzia kazi, lakini hofu ilikuwa imeshamwingia, wiki tatu baadaye akaomba kurudi kwao. Nilimlipa mwezi mzima na nauli, nikamwomba msamaha mbele ya mume wangu.

Dei kea. Mtoto alikuwa na miezi minane. Palikuwa karibu, 120,000 kwa mwezi, ukuta umechorwa wanyama, geti zuri. Kila asubuhi napeleka chupa ya uji, matunda, nguo za kubadilisha na pampasi nne. Wiki ya pili ngozi ya mtoto ikaanza kuungua. Nikajisemea labda ni joto. Jumanne moja asubuhi nikaweka nukta ndogo ya kalamu kwenye pampasi aliyovaa, upande wa kiunoni. Nilipomchukua jioni, nukta iko palepale, pampasi imejaa imelegea, na kwenye mkoba zimebaki mbili.

Nilimuuliza mlezi kwa upole. Hakunidanganya. Wachanga walikuwa 13, walezi ni wawili na mwenzake siku ile alikuwa msibani, na pampasi mbili alimvisha mtoto mwingine ambaye mkoba wake ulikuwa mtupu. Nilipomfuata mwenye kituo akaniambia nina wasiwasi wa mtoto wa kwanza. Nikaomba kuona cheti cha usajili, akasema kiko kwenye mchakato. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka vituo hivi visajiliwe, na anayehusika ni Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Cheti nilitakiwa nikiombe siku ya kwanza, kabla sijatazama wanyama ukutani.

Nisieleweke kwamba dei kea ni mbaya. Nikipata yenye watoto wachache nitampeleka akifika miaka miwili na nusu, maana wenzake anawahitaji. Lakini mtoto ambaye hawezi kusema "sijabadilishwa" anahitaji mikono mingi kuliko kuta nzuri.

Sasa yuko na dada wa kutwa. Nitaeleza kwenye maswali, mkono umechoka.

#2 Mama Mapacha

Asante mleta uzi, hiyo ya nukta ya kalamu nimeichukua. Mie wangu wako kwa mama jirani, 2,000 kwa kila mmoja kwa siku. Ana watoto watano jumla na wangu wawili. Hana cheti wala nini, lakini ni mama mtu mzima na watoto wangu wanamkimbilia asubuhi. Unaionaje? Na huyo wa kutwa ulimpataje?

#3 Mzee wa Ubungo

Wanangu, mnajitesa. Mimi nimelelewa na bibi yangu kule Same mpaka nikaanza darasa la kwanza, na nimekuwa mtu. Mtoto akiachishwa ziwa apelekwe kijijini, huko kuna maziwa, hewa, na watu wanaomjua ukoo mzima. Mjini mnalipia wageni wawatunzie damu yenu.

#4 Mleta uzi

Mzee wangu, shikamoo. Ulilosema sina la kulibeza, mimi mwenyewe nimelala mgongoni kwa bibi. Nilimuuliza mama hilohilo, na jibu alinipa yeye: enzi zile nyumba ilikuwa na mashangazi, na mabinti wa jirani, na babu yupo hai, mtoto alikuwa anapita mikono sita kwa siku. Leo pale nyumbani yuko peke yake na ng'ombe. Nikimpelekea mtoto anayeanza kutambaa nitakuwa nimewaacha wawili bila mtu. Ambaye kwao bado kuna mikono hiyo, na bibi amekubali mwenyewe, si kwa kuona haya kukataa, ampeleke, na atume matumizi kila mwezi kama ambavyo angelipa mjini.

Mama Mapacha, watoto kumkimbilia mlezi asubuhi mimi nakipa uzito mkubwa kuliko cheti kwa mtu wa watoto watano. Ila kaangalie nyumba. Nani mwingine anaishi pale mchana? Kuna mpangaji, kuna mtoto mkubwa wa kiume, kuna milango inayofungwa? Ndoo za maji na jiko viko wapi? Akitoka kwenda dukani nani anabaki? Muulize ana kwa ana, mtu mzuri hachukii kuulizwa. Na andika namba yako na ya baba yao ukutani kwake, namba ya 116 ya huduma kwa mtoto nayo uijue, ni bure.

Wa kutwa nilimpata kanisani. Ana miaka 34, watoto wake wanasoma, anakaa mitaa miwili kutoka kwetu. Anaingia saa 12 na nusu asubuhi, saa 9 na nusu alasiri niko nyumbani anaondoka. Tunamlipa 150,000 na chakula. Kazi yake ni mtoto, chakula cha mtoto na nguo za mtoto, basi. Kufua kwetu kuna mama anakuja Jumamosi, kudeki tumegawana mimi na mume wangu. Mtoto akilala mchana, na yeye anaruhusiwa kulala. Hilo nililiandika kwenye karatasi ya makubaliano, akalisoma mara mbili akaniangalia.

Kwenye hesabu, ukijumlisha na mama wa kufua, tunalipa zaidi kuliko dei kea ile. Tumesimamisha kitu kingine ili tuimudu. Tungekuwa na wachanga wawili bei ingekuwa ileile, kwa hiyo wenye mapacha njia hii inawalipa.

#5 Binti Kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu mama ana miezi mitatu na baba wiki mbili, na Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Mie kazini kwangu chumba kiko, kina kiti na friji, nakamua humo. Lakini nauliza: maziwa mwayahifadhi vipi na joto hili la pwani?

#6 Mleta uzi

Dada Kisauni, hongera kwa hicho chumba, sisi wengine tumekamulia stoo ya mafaili. Niliambiwa kliniki: mahali penye ubaridi wa kawaida masaa manne, frijini siku nne. Joto la Dar silichukulii kama ubaridi wa kawaida, kwa hiyo niliweka kwenye kiboksi chenye barafu na chupa nimeiandika saa. Umeme ukikatika mama alikuwa hafungui friji kabisa mpaka urudi. Yakishapashwa mtoto akabakisha, yanamwagwa, hata kama roho inauma.

#7 Baba Kwanza

Mimi nimefunga kamera sebuleni, 70,000 tu, naona kila kitu kwenye simu. Mbona hamtaji?

#8 Mlezi

Nimesoma nikaona niandike, maana mimi niko upande wa pili. Ni mwaka wa sita nafanya kazi dei kea, chumba cha wachanga.

Mleta uzi umeandika bila kututukana, asante. Ngoja niwape hesabu. Mtoto wa miezi minane kumlisha vizuri ni dakika 25, wengine nusu saa. Watoto 13, walezi wawili. Mlo mmoja unachukua zaidi ya masaa mawili na nusu, na ukimaliza wa mwisho yule wa kwanza ana njaa tena. Hapo hujabadilisha, hujabembeleza, hujaenda chooni. Ndiyo maana mahali pengine wanamlaza mtoto na chupa mdomoni, na wapo wanaowapa dawa ya mafua walale. Mimi nimeona, nikaacha kazi pale. Mtoto akirudi nyumbani siku tatu mfululizo amelala fofofo na hataki kucheza, usifurahi, uliza.

Mkija kuangalia kituo mnakuja saa 3 asubuhi tumeshadeki. Njooni saa 8 mchana, msituambie. Hesabu vichwa vya watoto, hesabu walezi waliosimama. Angalia kama mlezi anawajua kwa majina. Nusa chumba. Muulize mlezi, sio mwenye kituo, amekaa pale muda gani, kwa sababu pakiwa na walezi wapya kila miezi miwili ujue mishahara hailipwi, na mtoto wako atakuwa anaachwa kila miezi miwili.

Na nyinyi wazazi mnatuumiza. Mtoto ana homa mnampa dawa asubuhi mnamwacha, saa 5 homa inarudi simu haipokelewi. Mnaambiwa mwisho saa 11 jioni, mnakuja saa 1 usiku bila neno. Mtoto wangu mwenyewe ananisubiri mlangoni kwa jirani.

#9 Mleta uzi

Mlezi, nimesoma ulichoandika mara tatu, na mume wangu nimemsomea. Hiyo ya kufika saa 1 usiku niliifanya mara mbili, na sikuwahi kumuuliza yule mlezi mtoto wake yuko wapi. Nitakwenda kumwona wiki hii, yule aliyeniambia ukweli kuhusu pampasi.

Baba Kwanza, kamera si mbaya, ila mwambie dada ipo na inaona wapi, usimfiche mtu kwenye nyumba anayofanya kazi. Na ujue haionyeshi kwamba mtu usiku amelala masaa matano tu. Siku yangu ile ningekuwa na kamera ningeona binti amekaa na mtoto vizuri kabisa, mpaka dakika aliyoanguka. Kinachonisaidia mimi ni jirani anayepita kuomba chumvi, na mume wangu akiwa zamu ya usiku anakuwepo nyumbani mchana hata kama amelala. Watu wengi wanaoingia na kutoka, mtoto anaonekana.

Yule mama aliyebakiza siku tisa amesoma uzi huu. Ameandika barua ya masaa mawili na kuipeleka leo. Mama yake anaweza kuja mwezi mmoja tu, tumekubaliana amwombe huo mwezi na amlipe, halafu katika mwezi huo atafute bila kukimbizwa. Ana jirani mmoja anayelea watoto wanne, na dei kea moja karibu na kazini kwake yenye cheti. Jumamosi kumefungwa, kwa hiyo nimeomba ruhusa Jumatatu. Tutakwenda kote kuwili saa 8 mchana, bila kuwaambia. Nitarudi kuandika tulichokuta.